Vratislav na wandugu wake: ugomvi wa nyumba moja katika inchi ya Bohemia

Katika masomo ya historia ya Eklezya tunazoea kuwataja Papa Gregori VII na mfalme Henry IV wa Ujerumani, na safari ya Canossa ya mwaka 1077. Mashindano yale juu ya nani mwenye haki ya kuwaweka maaskofu yanajulikana na kila mseminari. Lakini mambo makubwa ya Eklezya hayapiti katika barua za wakubwa peke yake. Yanapita vilevile nyumbani mwa watu, kati ya baba na watoto, kati ya mkubwa na mdogo wake. Ndiyo sababu tunapenda kueleza hapa habari za jamaa moja ya siku zile zile za Gregori VII: jamaa ya Vratislav, mkuu wa Wacheki, aliyepata kuwa mfalme wa kwanza wa inchi yake.

Mwenye kusoma atauliza pengine: maneno ya Wacheki ya zaidi ya miaka mia tisa iliyopita yatufaa nini sisi? Tunamjibu hivi. Katika jamaa ile kijana mmoja alifanywa mtu wa Eklezya kwa shauri la ndugu zake, akafanywa askofu kwa nguvu za ndugu zake, kiisha akashika diosezi yake kama mtu anayeshika shamba la urithi. Matunda yake yalikuwa ugomvi wa miaka zaidi ya ishirini. Katekista, mseminari au padri hawezi kusema kwamba mambo ya namna hiyo hayamhusu.

Mengi ya habari hizi yameandikwa na Cosmas, dekano wa wakanoniki wa Prague, aliyekufa mwaka 1125. Yeye alisoma katika shule ya Liège, mji wa Ubelgiji ya leo, akaandika kwa Kilatini kitabu cha historia ya Wacheki. Inapashwa tujue jambo moja mbele ya kumsikiliza: Cosmas alikuwa mtu wa kanisa la Prague, naye alimpenda askofu wake kuliko mfalme wake. Basi anaposifu au kulaumu, tukumbuke alisimama upande gani.

1. Baba na wana watano

Bohemia ni inchi ya katikati ya Ulaya, na mji wake mkubwa ni Prague. Upande wa mashariki iko Moravia, yenye miji ya Olomouc, Brno na Znojmo. Inchi hizi mbili zilikuwa chini ya ukoo mmoja, ukoo wa Přemysl. Mwenye kutawala hakuitwa mfalme bado. Kwa Kilatini aliitwa « dux », maana yake kiongozi, naye alimtambua mfalme wa Wajerumani kuwa mkubwa wake.

Ukoo huu ulikuwa na ugonjwa wa zamani: ndugu kumwinukia ndugu. Mtakatifu Wenceslas aliuawa mwaka 935 na watu wa mdogo wake Boleslav, mlangoni mwa kanisa. Miaka mia baadaye, Oldřich alimpofusha macho ndugu yake mwenyewe. Mtoto wa Oldřich, jina lake Břetislav, alizijua habari hizi zote, na alipokuwa mkuu wa inchi ziliutia moyo wake hofu, kwa maana alikuwa na wana watano: Spytihněv, Vratislav, Konrád, Jaromír na Ota.

Břetislav alikufa katika mji wa Chrudim, tarehe 10 Januari 1055. Mbele ya kufa aliwaita wakubwa wa inchi. Cosmas anasema kwamba aliwakumbusha Kaini na Abeli, na Wenceslas na Boleslav, kiisha akaweka sheria: yule mwenye umri mkubwa katika ukoo mzima ashike kiti cha Prague, na wengine wamtii.

Ni sheria nzuri kwa kuisikia. Hata kwetu wazee wengi wangeikubali. Lakini ndani yake mlikuwa na mashaka mawili. Kwanza, haikuonyesha mipaka: mkubwa awaamuru wadogo wake mpaka wapi? Pili, ilimwomba kila mtawala awapishe wandugu wake mbele ya watoto wake mwenyewe. Baba gani atafanya hivyo bila uchungu? Tutaona kwamba magomvi yote yaliyofuata yalitoka katika mashaka haya mawili, na katika jambo la tatu, ndilo kazi aliyopewa Jaromír. Wana wengine walitegemea kupata miji. Sehemu ya Jaromír ilikuwa kanisa, naye alipelekwa mbali masomoni.

2. Mkubwa asiyewahurumia wadogo

Spytihněv alishika inchi mwaka 1055. Cosmas anaandika kwamba aliwafukuza Wajerumani katika inchi, hata mama yake Judith, kwa kuwa alizaliwa Ujerumani. Tena aliwanyanganya wandugu wake sehemu zao za Moravia. Konrád na Ota aliwaweka nyumbani mwake: mmoja akawa msimamizi wa wawindaji, mwingine msimamizi wa waoka mikate na wapishi. Ni heshima kwa macho ya watu, lakini kwa kweli ni namna ya kuwalinda wasitoke.

Vratislav hakungoja kukamatwa. Alikimbilia Hungaria, kwa mfalme Andrew I. Mke wake hakuweza kukimbia naye. Spytihněv alimfunga katika ngome ya Lštění, na huyu mama alikuwa na mimba. Baada ya mwezi mmoja akafunguliwa, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuteseka: akazaa mbele ya wakati, akafa. Huko Hungaria Vratislav akaoa mara ya pili, akamchukua Adelaide, binti ya mfalme. Spytihněv aliona hatari ya kuwa na ndugu mwenye hasira na mkwe mwenye jeshi. Akamwita Vratislav arudi, akamrudishia sehemu yake.

Watu wengine pia walifukuzwa na Spytihněv: wamonaki wa Sázava. Monasteri hii iliundwa na Mtakatifu Prokop zamani za baba yake, na ndani yake wamonaki walimwabudu Mungu kwa lugha ya Kislavo, si kwa Kilatini. Wao pia walikwenda Hungaria. Tutawaona tena.

3. Shemasi aliyechukua upanga

Spytihněv alikufa tarehe 28 Januari 1061. Vratislav akashika inchi, akawarudisha wamonaki wa Sázava, akawagawia wadogo wake Moravia: Konrád akapata upande wa Brno na Znojmo, Ota akapata Olomouc.

Jaromír alipopata habari akarudi kutoka masomoni. Alitumaini kwamba naye atapata sehemu, sawa na Konrád na Ota. Vratislav akakataa. Alimwambia kwamba wazazi walimtoa kwa Eklezya na kwamba Eklezya ndiyo urithi wake. Tena hakumwachia wakati wa kufikiri. Jaromír akakatwa nywele kwa nguvu, akapewa daraja ndogo, kiisha akapewa ushemasi. Alisoma Evanjili mbele ya mkuu wa inchi na mbele ya watu. Lakini baada ya siku chache alivua mavazi ya ukleri, akajifunga upanga, akakimbilia Polonia pamoja na rafiki zake, akaishi huko kama askari wa farasi.

Tusimame hapa kidogo. Cosmas anamhesabu Jaromír kuwa mwasi kwa tendo hili, na kweli mtu asiache daraja takatifu kama anavyoacha koti. Lakini kosa la kwanza lilikuwa la nani? Vratislav hakutafuta padri mwema kwa ajili ya taifa la Mungu. Alitafuta njia ya kumtoa ndugu mmoja katika hesabu ya warithi. Altare ilimfaa kama vile jikoni kulivyomfaa Spytihněv alipomweka Ota kuwa mkubwa wa wapishi.

Mwaka 1063 Vratislav alifanya jambo lingine. Diosezi ya Prague ilikuwa kubwa mno, inaenea hata Moravia yote. Alipatana na askofu wa Prague, jina lake Severus, akamweka askofu katika Olomouc: ndiye Yohane, mmonaki wa Břevnov. Kwa wakristu wa Moravia lilikuwa jambo jema, maana Prague ilikuwa mbali nao. Lakini wenye kuandika historia wanaona sababu nyingine pia. Severus alikuwa mzee. Siku moja Jaromír angeweza kukaa katika kiti chake, na ilikuwa afazali kwa Vratislav akikute kiti hicho kimepunguzwa.

4. Kiti cha Prague

Severus akafa mwezi wa Desemba 1067. Vratislav hakutaka tena Jaromír awe askofu. Alimtaka padri wake, Lanzo, mtu wa Saxonia. Konrád na Ota wakakataa. Walimwita Jaromír kutoka Polonia, wakamvua upanga, wakamrudisha katika mavazi ya ukleri. Wakasema kwamba sheria ya baba yao ifuatwe.

Katika mwaka 1068 Vratislav aliwakusanya watu wa inchi na jeshi pahali panapoitwa Dobenina, karibu na mpaka wa Polonia, akamwonyesha Lanzo kuwa ndiye askofu. Desturi ilikuwa watu waitikie kwa kuimba « Kyrie eleison ». Siku ile hawakuimba. Walinungunika. Wakubwa wawili, Kojata na Smil, wakasema wazi mbele ya watu wote kwamba haki ya Jaromír inavunjwa. Wakaondoka pamoja na Konrád na Ota na Jaromír, na sehemu kubwa ya jeshi ikawafuata. Vratislav alibaki na watu wachache. Akaogopa, akakubali.

Jaromír akaenda Mainz. Henry IV akampa pete na fimbo, kiisha askofu mkuu wa Mainz akamweka askofu. Akapata jina jipya, Gebhard. Lakini jina jipya halikumpa moyo mpya. Cosmas anasimulia kwamba karibu tu na siku ya kuwekwa kwake, askofu mpya alimsukuma askari wake mmoja katika mto wa Rhine, akicheka na kusema kwamba anambatiza mara ya pili. Cosmas anaandika neno hili kama mchezo. Sisi tunaliona kama alama: mikono iliyopakwa Krisma jana, leo inacheza na ubatizo.

Na wale waliomsaidia? Kojata na Smil walipaswa kukimbia usiku, kwa maana Vratislav alitaka kuwapatiliza. Kwa wandugu zake hakufanya kitu. Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Anayejiingiza kati yao, siku ya mapatano anabaki peke yake.

5. Maaskofu wawili mbele ya Papa

Gebhard hakusahau Moravia. Kwake yeye, mali ya Olomouc ilikuwa mali ya Prague iliyoibwa. Kwanza alimwomba mkubwa wake aiondoe diosezi ile. Alipoona hapati jibu, alikwenda Olomouc karibu na mwaka 1072, akidai kwamba anamzuru ndugu yake. Akaingia nyumbani mwa askofu Yohane, mzee huyu, akamkamata kwa nywele, akamtupa chini, na watu wake wakampiga.

Yohane alimshitakia Vratislav, na Vratislav akatuma wajumbe Roma. Papa Aleksanda II akaleta mabalozi wawili, Bernard na Gregori, mwaka 1073. Gebhard alikataa kuwatii, nao wakamzuia kufanya kazi ya uaskofu. Askofu mkuu wa Mainz akaona kwamba haki yake mwenyewe imepitwa, akataka kuhukumu jambo hili yeye. Lakini wakati huu kiti cha Petro kilikuwa cha Gregori VII, aliyechaguliwa mwezi wa Aprili 1073. Papa alimkaripia askofu mkuu kwa ukali, akamwita Gebhard aje Roma mwenyewe.

Alikuja mwaka 1074. Alikubali makosa yake juu ya askofu Yohane. Cosmas anasema kwamba Matilda wa Toscana, mama mwenye nguvu sana Italia, alimwombea. Papa akamrudishia uaskofu, akamwandikia Vratislav apokee ndugu yake kwa amani. Mwaka 1075, katika sinodo ya Roma, ilikatwa kwamba mali yenye maneno igawanywe sawasawa kati ya Prague na Olomouc.

Shauri likakatwa, lakini mioyo haikupatana. Vratislav alijenga makao yake katika kilima cha Vyšehrad, kusini ya Prague, kusudi asikae tena pamoja na askofu ndani ya ngome moja. Huko Vyšehrad aliunda shirika la wakanoniki, akapata kwa Papa ruhusa liwe chini ya Roma peke yake, pasipo kupitia kwa askofu wa Prague. Mtu mwenye kuja kutoka mbali angesifu ibada ya mfalme. Mtu wa nyumbani alijua kwamba kila jiwe la Vyšehrad lilimtazama Gebhard.

6. Ombi juu ya lugha ya Kislavo

Wakati wa magomvi haya Vratislav alileta Roma ombi lingine: aruhusu Papa ibada ifanywe kwa lugha ya Kislavo katika inchi yake. Ombi hili halikuwa geni. Watakatifu Kirilo na Metodio walifika Moravia mwaka 863 pamoja na vitabu vya Kislavo, na Mapapa Adriano II na Yohane VIII walikubali lugha hii katika ibada. Wamonaki wa Sázava waliendelea na desturi hiyo.

Gregori VII alijibu tarehe 2 Januari 1080, na jibu lake lilikuwa hapana. Sababu alizotoa ni mbili. Kwanza, Mungu amependa Maandiko Matakatifu yawe na fumbo mahali pengine, kusudi watu wasiyadharau wala wasiyafasiri vibaya. Pili, mambo mengine yaliyovumiliwa na Eklezya ya kwanza yalisahihishwa baadaye. Tena tukumbuke kazi ya Gregori VII ilikuwa kuifunga Eklezya ya magaribi kuwa kitu kimoja na Roma, na kwake lugha moja ilikuwa kamba ya kufungia.

Wamonaki walibaki Sázava wakati wa Vratislav, maana yeye aliwalinda. Lakini karibu na mwaka 1097 mtoto wake Břetislav II aliwafukuza, akaweka Wabenedikto wa Kilatini kutoka Břevnov. Watu walikuja kutazama vitabu vya Kislavo vikipotea. Neno hili linatugusa sisi wa Kongo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha za watu katika liturujia, na mwaka 1988 Roma ilikubali misale ya diosezi za Zaïre. Tunaposali misa kwa lugha za kwetu, tuwakumbuke wamonaki wa Sázava, waliotaka jambo lile lile mbele ya wakati wake.

7. Taji na maandiko ya Mainz

Vratislav na Gebhard waligombana, lakini katika vita vya Henry IV wote wawili walikuwa upande mmoja. Vratislav alimpa mfalme askari katika Saxonia na Italia. Gebhard alikuwa kansela wake tangu 1077 mpaka 1084. Kila mmoja alitegemea zawadi, na zawadi zilikuja karibu pamoja. Henry IV, aliyekuwa amekwisha kupata jina la kaisari, alimpa Vratislav taji la ufalme. Egilbert, askofu mkuu wa Trier, alimpaka mafuta na kumvika taji katika Prague, tarehe 15 Juni; wenye kuandika historia wanahesabu 1085 au 1086. Taji lilikuwa lake mwenyewe, si la watoto wake. Kitabu cha Evanjili kilichopambwa kwa ajili ya sikukuu hiyo kinahifazika Prague hata leo.

Zawadi ya Gebhard ilikuwa karatasi. Yohane wa Olomouc alikuwa amekufa mwaka 1085, na tarehe 29 Aprili 1086 kaisari alitia muhuri maandiko yanayosema kwamba diosezi ya Prague irudi katika mipaka yake ya zamani, na Moravia ndani yake. Mwishowe Gebhard alipata alichokitaka tangu miaka kumi na nane.

Hakikudumu. Mfalme hakutaka ndugu yake awe na nguvu hiyo, na mwaka 1088 alimweka padri wake mmoja, Wezel, kuwa askofu wa Olomouc. Gebhard akaanza safari ya kwenda kumshitakia mfalme Roma. Alipita kwanza Hungaria, kwa rafiki yake mfalme Ladislaus. Huko akashikwa na ugonjwa, akafa katika mji wa Esztergom, tarehe 26 Juni 1090. Mtoto wa Břetislav, askofu wa Prague, akazikwa katika inchi ya wageni, mbali na wandugu zake wote.

8. Shemeji mlangoni mwa hema

Ota wa Olomouc alikufa mwaka 1087. Vratislav aliwafukuza mjane wake na watoto wake wawili, akampa Olomouc mtoto wake mwenyewe, Boleslav. Konrád wa Brno aliona kwamba kesho zamu itakuwa yake na ya watoto wake. Ugomvi ukawaka. Mwaka 1091 mfalme alizunguka Brno na jeshi, tayari kumpiga ndugu aliyempandisha kitini zamani kwa kumtii.

Katika kambi, mshauri wa mfalme, jina lake Zderad, alimchekelea Břetislav, mtoto mkubwa wa Vratislav, mbele ya watu. Askari wa Břetislav wakamwua Zderad, na kijana akajitenga na baba yake pamoja na sehemu ya jeshi. Basi mfalme alikuwa na ndugu adui mbele yake, na mtoto adui nyuma yake.

Hapo alitoka Brno mama mmoja, Wirpirk, mke wa Konrád. Hakutumwa na mume wake. Alikwenda peke yake mpaka hema la mfalme, akamwangukia shemeji yake miguuni. Cosmas anampa maneno mengi. Maana yake ni hii: inchi unayoiharibu ni yako mwenyewe, mali unayoitaka, nenda ukaitafute kwako Prague, ambapo ni nyingi kuliko huku, na huyu unayempiga ni ndugu yako. Mfalme akalia. Akamwinua, akamketisha karibu naye, akamtuma awalete Konrád na Břetislav. Wote wakapeana busu la amani.

Maaskofu, mabalozi, sinodo na makaisari walikuwa wameshugulika na nyumba hii miaka zaidi ya ishirini. Mama huyu alifanya kwa saa moja kazi ambayo wao hawakuimaliza, kwa sababu alileta jambo ambalo hakuna mwingine alilileta: hakuja kuomba haki yake.

Amani na Konrád ilidumu. Amani na mtoto haikudumu: Břetislav alikimbilia Hungaria na watu wengi, na Vratislav akamtangaza Konrád kuwa ndiye atakayemfuata. Mfalme alikufa tarehe 14 Januari 1092, akazikwa Vyšehrad. Konrád alitawala miezi michache tu, akafa tarehe 6 Septemba mwaka ule ule. Baada yake Břetislav II akashika inchi, naye akauawa mwezi wa Desemba 1100.

9. Mafundisho

Tuchukue mambo matatu.

La kwanza ni juu ya wito. Jamaa inaweza kumlea mtoto kwa ajili ya altare, inaweza kumwombea, inaweza kumsindikiza. Haiwezi kumpa wito. Wandugu wa Jaromír waligombana juu ya uaskofu wake, wakamvua upanga na kumrudisha katika ukleri, lakini wote, wenye kumtaka na wenye kumkataa, hawakuuliza neno moja: Mungu anamwita? Katekista anayeandika jina la mtoto kwa kwenda seminari ndogo aulize neno hilo mapema. Mseminari ajiulize mwenyewe mbele ya ushemasi, si baada yake.

La pili ni juu ya mali ya Eklezya. Gebhard alikuwa na hoja za kweli: Moravia ilikuwa kweli ndani ya diosezi yake zamani. Lakini alizitetea kama mtu aliyekoseshwa urithi na baba yake, na kwa sababu hiyo hata haki yake ilitoa harufu mbaya. Padri anayesimamia shamba, motokari au feza ya misioni ajichunguze: anatetea mali ya maskini, au anadai sehemu ambayo anaona nyumba ya baba yake haikumpa?

La tatu ni juu ya upatanisho. Hukumu nzuri ya Roma iligawanya mali sawasawa, na ugomvi ukaendelea. Wirpirk hakugawanya kitu, na vita vikaisha. Sheria inahitajiwa; bila sheria wanyonge wanapigwa kama askofu Yohane. Lakini sheria inafika mpaka mlangoni mwa moyo, haiingii. Wa kuingia ni yule anayekubali kupiga magoti wa kwanza, wala haulizi kwanza ni nani aliyeanza.

Tumalize kwa neno moja la historia. Wana wa Přemysl waliendelea kugombana, mpaka ukoo wao wa kiume ukakatika mwaka 1306, mfalme wao kijana Wenceslas III alipouawa. Aliuawa Olomouc. Lakini diosezi ya Olomouc, ile iliyokuwa mfupa wa ugomvi kati ya Vratislav na Gebhard, haikukatika. Ilifanywa diosezi kuu mwaka 1777, na mpaka leo ingaliko. Nyumba zinagombana na kuisha. Lililofanywa kwa faida ya watu wa Mungu, hata kama walioliunda walikuwa na nia iliyochanganyika, Mungu anajua kulilinda.